Kukatika kwa pumzi usingizini: je, mabadiliko ya maisha yanaweza kuchukua nafasi ya mashine?

Swali: Nina umri wa miaka 52, urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 86, na hedhi yangu ilikoma miaka mitatu iliyopita. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiamka nimechoka na kichwa kikiuma. Kwa kuwa nilidhani shida yangu ni kukosa usingizi, nimekuwa nikimeza kidonge cha usingizi kila usiku na kunywa glasi ya mvinyo kabla ya kulala. Mume wangu ndiye aliyegundua kuwa nikilala chali ninakoroma, kisha ninanyamaza kabisa, kisha ninashtuka nikitweta. Kipimo cha usingizi kimeonyesha kuwa pumzi yangu hukatika au kufifia mara 19 kwa saa kwa wastani. Nikilala chali ni mara 31, nikilala ubavu ni mara 8. Ninatumia pia dawa ya shinikizo la damu. Daktari ameniandikia mashine ya kusukuma hewa, nami ninaitumia ingawa siipendi. Je, nikibadilisha namna ninavyoishi ninaweza kuiacha? Nianze na lipi?

Jibu: Mama, ninakushukuru kwa kuleta takwimu za kipimo chako zikiwa kamili, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imo ndani yake. Kwa kifupi, inawezekana siku moja ukaiacha mashine, lakini siku hiyo haitajulikana kwa hisia zako wala kwa masikio ya mume wako, bali kwa kipimo kingine cha usingizi. Hadi hapo, mabadiliko ya maisha na mashine vinapaswa kwenda pamoja. Ninalisema hili mapema kwa kuwa nimewaona wagonjwa wengi wakifanya bidii ya kweli, wakapungua uzito, wakaacha pombe, wakajisikia vizuri, kisha wakaifungia mashine kabatini kabla hawajajua kama ugonjwa umekwisha au umepungua tu.

Ni vyema kwanza uelewe kinachotokea, kwa kuwa kila ushauri nitakaokupa unatokana nacho. Sehemu ya njia ya hewa iliyo nyuma ya ulimi na kaakaa laini haina mfupa wala gegedu ya kuishikilia iwe wazi. Hubaki wazi kwa sababu misuli inaivuta, hasa misuli inayouleta ulimi mbele. Ukiwa macho misuli hiyo haipumziki. Ukilala hulegea, na ikiwa njia ilikuwa nyembamba tangu mwanzo, ulimi na kaakaa huifunga kwa sehemu au kabisa. Kila kukatika au kufifia kwa pumzi huitwa tukio, nalo huhesabiwa likidumu angalau sekunde 10. Oksijeni hushuka, ubongo hushtuka kwa muda mfupi usioukumbuka asubuhi, moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, kisha mzunguko huanza upya. Chini ya mara 5 kwa saa kwa mtu mzima huhesabiwa kuwa kawaida; kuanzia 5 hadi chini ya 15 ni ugonjwa mwepesi, kuanzia 15 hadi chini ya 30 ni wa wastani, na 30 kwenda juu ni mkali. Wewe, kwa mara 19, uko katika kundi la wastani. Wanawake wengi hufika hospitali wakilalamikia uchovu, maumivu ya kichwa na usingizi wa mang'amung'amu kuliko kukoroma, ndiyo maana hutibiwa kwanza kama watu wasiopata usingizi, na hatari ya ugonjwa huu huongezeka hedhi inapokoma. Hukukosea kwa kutougundua.

Umeuliza uanze na lipi. Anza na mvinyo, na uanze usiku wa leo. Pombe huilegeza misuli ya ulimi na koo kuliko usingizi wenyewe unavyoilegeza, na pia huuchelewesha ubongo kushtuka pumzi inapokatika, kwa hiyo matukio huwa mengi zaidi na kila tukio huwa refu zaidi. Glasi moja inayonywewa karibu na saa ya kulala inafanya kazi hiyo katika saa zile zile ambazo koo lako linahitaji nguvu. Ikiwa hutaki kuacha kabisa, basi iwe mapema, muda wa saa nne au zaidi kabla ya kulala, na isiwe kila siku. Lakini kwa mtu anayemeza pia kidonge cha usingizi, ushauri wangu hauna nafasi ya katikati: pombe na dawa za usingizi zisikutane mwilini usiku mmoja, kwa kuwa zote mbili hudidimiza upumuaji na kila moja huongeza nguvu ya mwenzake.

Kidonge chenyewe kinahitaji busara ya namna nyingine. Hukutaja jina lake. Dawa za usingizi hazifanani; zile za jamii ya benzodiazepini hulegeza misuli, na dawa za maumivu zenye asili ya afyuni hudhoofisha msukumo wa kupumua kutoka kwenye ubongo wenyewe. Hata hivyo, usiiache ghafla dawa uliyoitumia kwa miezi au miaka, maana kuacha ghafla baadhi ya dawa hizi kunaweza kuleta kutetemeka, wasiwasi mkubwa na hata degedege. Mpelekee daktari wako kidonge hicho na matokeo ya kipimo kwa pamoja, umwambie kuwa ulikianza kabla ya kujua kuwa pumzi inakatika, na umwombe mpango wa kupunguza polepole. Huenda ukagundua kuwa ulichokiita kukosa usingizi kilikuwa kushtuka mara kumi na tisa kwa saa, na kwamba mashine inakipunguza kuliko kidonge kilivyowahi kufanya.

Sasa tuitazame ile tofauti ya 31 na 8. Kwangu mimi hii ndiyo habari njema kuliko zote katika barua yako. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wa tatizo hili hupata matukio mara mbili au zaidi wakilala chali kuliko wakilala ubavu. Kwako ni karibu mara nne. Ukipiga hesabu ya wastani wako utaona pia kuwa usiku ule ulilala chali kwa karibu nusu ya muda wote. Maana yake ni kwamba usiku wa kulala ubavu kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kubadilisha kitu kingine chochote, ungeweza kukutoa kwenye kundi la wastani na kukuingiza kwenye kundi jepesi. Ukilala chali uzito wa ulimi huuvuta moja kwa moja kuelekea ukuta wa nyuma wa koo. Ukilala ubavu huuvuta pembeni, na njia hubaki na nafasi.

Ugumu wake ni kwamba mtu aliyelala hajitawali. Njia ya zamani ni kushona mfuko mdogo mgongoni mwa nguo ya kulalia, kati ya mabega, na kutia humo mpira wa ukubwa wa ngumi ya mtoto, ili kila ukigeuka chali mwili ukatae wenyewe. Inafanya kazi, lakini wengi huiacha baada ya miezi michache kwa sababu ya maumivu ya mgongo na kuamka mara kwa mara. Vipo siku hizi vifaa vidogo vinavyovaliwa kifuani au shingoni ambavyo hutetemeka taratibu mtu anapogeuka chali, na watu huvivumilia zaidi. Vyote vikikosekana, mto mrefu uliowekwa imara nyuma ya mgongo, na mwingine wa kukumbatia mbele ili bega la juu lisiuvute mwili kurudi chali, husaidia watu wengi. Mwombe mume wako akutazame saa za alfajiri pia, si wakati wa kulala tu, maana huko ndiko watu wengi hurudi chali bila kujua.

Kuinua upande wa kichwa wa kitanda nako kuna faida. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, kuinua kitanda kwa nyuzi 7.5 tu kulipunguza matukio kwa karibu theluthi moja. Ni kitanda kinachoinuliwa, au godoro kwa kutumia kabari pana inayoanzia kiunoni. Si kurundika mito chini ya kichwa. Mito mingi huikunja shingo na kukileta kidevu kifuani, na hapo njia ya hewa hubanwa zaidi.

Kuhusu uzito nitasema kwa uwazi, kwa kuwa wagonjwa huambiwa "punguza uzito" kama vile ni jambo la wiki mbili, na mara nyingi bila kuelezwa wategemee nini. Katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, watafiti waliwafuatilia watu 690 kwa miaka minne na kuchapisha matokeo mwaka 2000: aliyepungua asilimia 10 ya uzito alitarajiwa kupungukiwa na matukio kwa takriban asilimia 26, na aliyeongezeka asilimia 10 alitarajiwa kuongezewa matukio kwa takriban asilimia 32. Kwako asilimia 10 ni kilo 8.6. Ukifika kilo 77 na ushee, mara 19 zako, kwa wastani huo, zingeshuka hadi kama 14. Hilo ni badiliko kubwa kwa moyo na kwa shinikizo la damu, lakini 14 bado ni ugonjwa. Katika utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2009 na uliowahusu watu wenye kisukari cha aina ya pili na uzito mkubwa, waliowekwa katika mpango mkali wa lishe na mazoezi walipungua karibu kilo 11 kwa mwaka, na kati yao asilimia 13.6 walifikia chini ya mara 5 kwa saa, ikilinganishwa na asilimia 3.5 ya wale waliopewa elimu tu. Ninakupa takwimu hizi ili ujue mapema kwamba kupungua uzito humnufaisha karibu kila mtu, ila katika utafiti huo kulimponya kabisa mtu mmoja kati ya saba hivi. Tumaini linalotokana na hesabu ya kweli hudumu kuliko lile la ahadi kubwa.

Mafuta hayo hayamo tumboni tu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha, kwa picha za MRI zilizopigwa kabla na baada ya kupungua uzito, kuwa badiliko lililofungamana zaidi na kupungua kwa matukio lilikuwa ni kupungua kwa mafuta ndani ya ulimi wenyewe. Hakuna chakula kinachopunguza mafuta ya ulimi peke yake, kwa hiyo usitafute lishe ya ajabu. Tafuta ile utakayoweza kuishi nayo kwa miaka, yenye mboga, nafaka zisizokobolewa na protini ya kutosha, yenye sukari na vinywaji vitamu kidogo, na mlo wa usiku uwe mwepesi na uliwe muda wa saa tatu kabla ya kulala. Ikiwa uzito hausogei licha ya juhudi, zungumza na daktari kuhusu dawa. Desemba 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha tirzepatidi, dawa ya kupunguza uzito, kwa watu wazima wenye unene uliozidi na ugonjwa huu wa kiwango cha wastani au kikali, na hata hiyo iliidhinishwa itumike pamoja na lishe pungufu ya nishati na mazoezi. Mwombe pia akupime tezi ya shingo, maana tezi inayofanya kazi chini ya kiwango huongeza uzito, huchosha, na huzidisha kukatika kwa pumzi.

Mazoezi yana thamani yake hata mizani isiposogea, na hapa ninaona watu wengi wakikata tamaa bure. Mwaka 2011 lilichapishwa jaribio ambamo watu wazima waliokuwa wamekaa bila mazoezi walifanya angalau dakika 150 kwa wiki kwa wiki 12. Uzito wao ulibadilika kidogo sana, lakini matukio yao yalishuka kwa wastani kutoka 32 hadi chini ya 25 kwa saa. Sehemu ya maelezo iko miguuni. Mtu anayeshinda amekaa hukusanya maji kwenye miguu, na akilala maji hayo hupanda kuelekea shingoni, yakavimbisha kuta za koo kutoka nje. Ikiwa soksi zinakuachia alama jioni, jambo hili linakuhusu moja kwa moja. Kutembea kwa haraka dakika 30 kwa siku tano za wiki kunatosha kwa kuanzia, na katikati ya siku inuka kila baada ya saa moja utembee dakika chache. Punguza chumvi pia, jambo ambalo shinikizo lako la damu linalihitaji vilevile.

Kuna mazoezi mengine ambayo watu wachache huyasikia, nayo ni ya ulimi na koo. Mwaka 2009 watafiti wa São Paulo nchini Brazili waliwafundisha wagonjwa wa kiwango kama chako mazoezi ya takriban dakika 30 kwa siku kwa miezi mitatu, na wastani wao ulishuka kutoka mara 22 hivi hadi karibu 14 kwa saa. Mojawapo ni hili: weka ncha ya ulimi juu, nyuma tu ya meno ya mbele, kisha iburute kurudi nyuma ikiwa imegusa kaakaa, na urudie. Jingine ni kuunyonya ulimi wote juu hadi ushikamane na kaakaa na kuubana hapo kwa sekunde chache. Jingine ni kutamka "a" kwa kukatakata, kisha kwa kuivuta, huku ukitazama kwenye kioo namna kaakaa laini na kilimi vinavyoinuka. Ukimpata mtaalamu wa tiba ya usemi aliyesomea mazoezi haya, atakusahihisha haraka kuliko maandishi. Uswisi nako, katika jaribio la mwaka 2006, wagonjwa waliofundishwa kupuliza dijeridu, ala ndefu ya wenyeji wa asili wa Australia, walipungukiwa na usingizi wa mchana na matukio ya usiku baada ya miezi minne. Sikushauri ununue ala hiyo. Ninaitaja kwa kuwa inaonyesha kuwa misuli hii inafundishika kama misuli mingine yoyote.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Ukiwa na mzio au mafua yasiyoisha, safisha pua kwa maji ya chumvi yaliyotayarishwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na umwulize daktari kuhusu dawa ya kupulizia puani. Peke yake haitibu ugonjwa huu, ila pua iliyo wazi humfanya mtu aivumilie mashine. Sigara, kama ipo nyumbani, huvimbisha koo. Usiuzibe mdomo kwa plasta kama inavyoshauriwa kwenye mitandao, kwa sababu mtu mwenye njia ya hewa inayojifunga anahitaji kila upenyo alio nao.

Lala na uamke kwa saa zile zile, na upate muda wa kutosha, kwa maana kunyimwa usingizi hulegeza koo zaidi na huongeza hamu ya kula, hasa vitu vitamu. Hapo nalirudia suala la mashine. Wengi huivua saa nane au tisa usiku wakidhani wameshafaidi vya kutosha. Usingizi wa ndoto, ambamo misuli hulegea kupita hatua nyingine zote, hurundikana zaidi kuelekea alfajiri, na kwa wanawake wengi matukio mabaya zaidi yamo humo. Kuivua mapema ni kujiacha bila kinga katika saa zenye hatari kubwa. Ikiwa unaichukia kwa sababu ya barakoa inayobana, kinywa kukauka au hewa kuvuja machoni, rudi ulikopewa, maana kasoro hizo nyingi hurekebishwa kwa kubadilisha barakoa, kuongeza unyevu au kurekebisha shinikizo. Tangu Colin Sullivan na wenzake wa Sydney walipochapisha matokeo ya kwanza ya tiba hii mwaka 1981, aina za barakoa zimekuwa nyingi. Zingatia pia kuwa baadhi ya watu huongezeka uzito kidogo wanapoanza mashine, kwa hiyo nguvu mpya utakayoipata asubuhi uielekeze kwenye matembezi.

Sasa kipimo cha pili. Kiombe baada ya miezi mitatu hadi sita ya kudumu na mabadiliko haya, au mapema zaidi ukishapungua asilimia 10 ya uzito. Kifanyike bila mashine, kwa utaratibu ambao daktari atakuelekeza, na kionyeshe tena hesabu ya chali na ya ubavu kila moja peke yake. Usidanganywe na namba inayoonekana kwenye kioo cha mashine: ikiandika mara 2 kwa saa, inaeleza hali yako ukiwa umeivaa, haielezi hali ya koo lako bila msaada. Wala kimya cha mume wako kisikutoshe, kwa kuwa kukoroma kunaweza kwisha huku pumzi ikiendelea kufifia. Matokeo yakiwa chini ya 5, uchovu umekwisha na shinikizo la damu limetulia, daktari atakuwa na sababu ya kuiondoa mashine na kukufuatilia. Yakiwa kati ya 5 na 15, mnaweza kuzungumzia kifaa cha mdomoni kinachotengenezwa na daktari wa meno ili kulisogeza taya la chini mbele, pamoja na kifaa cha kukuzuia kulala chali. Yakibaki 15 au zaidi, endelea na mashine. Kwa mtu mwenye shinikizo la damu sitakushauri vinginevyo.

Hadi wakati huo usiendeshe gari ukisinzia, hata kwa safari fupi, na ukipangiwa upasuaji wowote mweleze mtaalamu wa nusu kaputi kuhusu ugonjwa huu kabla ya siku yenyewe, uende na mashine yako. Mpimaji wa shinikizo la damu naye ajue kwamba umeanza matibabu haya, maana dozi ya dawa inaweza kuhitaji kupunguzwa kadiri usingizi wako unavyotengemaa.